Gauti: jinsi ya kuishusha asidi ya yuriki chini ya 6 na kuibakiza huko

Maswali kuhusu gauti, au jongo, ni yale yale kila mara. Niache maharage? Limau inasaidia? Mbona nyama nimeacha na kidole bado kinavimba? Sindano ya Jumatatu imeishaje nguvu Ijumaa? Haya ni majibu kwa mpangilio, yameandikwa kwa ajili ya mtu wa Dodoma na mikoa jirani, ambaye asubuhi anapita kwenye supu, mwisho wa wiki yuko kwenye nyama choma, na mchana kutwa jua linamkausha.

Shika hili kwanza: kazi yako ni kuishusha namba. Maumivu ya gauti huisha yenyewe ndani ya wiki moja au mbili hata usipomeza kitu, ndiyo maana kila dawa ya kuchua inaonekana imeponya. Asidi ya yuriki, taka ya mwili ambayo figo hutakiwa kuitoa kwa mkojo, inabaki kwenye damu, na ikizidi takriban 6.8 mg/dL inaanza kuganda kwenye viungo kama fuwele ndogo zenye ncha kali. Ikikaa chini ya 6 kwa muda mrefu, fuwele zinayeyuka polepole. Nadharia inatosha hapo.

Uwe na vitu hivi kabla ya kuanza

- Majibu ya kipimo cha asidi ya yuriki kwenye damu, yaliyoandikwa kwenye karatasi pamoja na kizio chake. "Iko juu kidogo" ya kuambiwa kwa mdomo haitakusaidia.
- Kipimo cha figo (kreatinini). Dozi ya karibu kila dawa ya gauti inategemea figo.
- Presha, sukari na uzito. Gauti hupenda kutembea na hivi vitatu.
- Maboksi ya dawa zote unazotumia, zikiwemo za kienyeji na za unga. Yatie kwenye mfuko uende nayo kwa daktari.
- Daftari dogo lenye safu nne: tarehe, namba, dozi, na kama gauti iliamka.
- Dawa ya kutuliza shambulio uliyoandikiwa, iliyopo nyumbani tayari. Saa nane usiku huko Chemba au Mpwapwa hutapata famasi iliyo wazi.

Hatua ya 1. Hakikisha ni gauti

Gauti huja ghafla, mara nyingi usiku au alfajiri, kwenye kiungo kimoja: kidole gumba cha mguu, kifundo cha mguu au goti. Ndani ya saa 24 maumivu yanafika kileleni na hata shuka likigusa huwezi kuvumilia. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu. Tazama kama ngozi imevutika inang'aa, kisha weka mgongo wa mkono uone joto lake ukilinganisha na mguu wa pili. Shambulio likipita, unakuwa mzima kabisa hadi lingine.

Viungo vingi vidogo vya mikono yote miwili vikikakamaa kila asubuhi, hiyo inaelekea kwenye baridi yabisi. Mtoto au msichana akivimba kiungo, usikimbilie kusema gauti. Kwa mwanamke ugonjwa huu ni nadra kabla ya kukoma hedhi.

Kosa kubwa linalofanyika hapa ni kumpa mtu gauti kwa sababu ya namba peke yake. Umepima afya ya kawaida, ikaja 7.4, na hujawahi kuvimba kiungo: huna gauti, na kwa kawaida huhitaji dawa ya kushusha. Punguza uzito, punguza bia, angalia presha na figo. Basi. Kwenye mashaka, kipimo kinachomaliza ubishi ni kuvuta maji ya kiungo kwa sindano na kutafuta fuwele kwa hadubini. Uliza kwenye hospitali kubwa kama ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa.

Onyo: kiungo kimevimba na una homa, unatetemeka, au una kidonda karibu na hicho kiungo? Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Bakteria ndani ya kiungo wanafanana na gauti kwa macho, lakini wanakula kiungo ndani ya siku chache.

Hatua ya 2. Soma namba yako vizuri

Maabara nyingine zinaandika mg/dL, nyingine µmol/L. Ukiona namba ya mamia, mfano 480, igawe kwa 60: ni 8. Lengo ni chini ya 6 mg/dL, yaani chini ya 360 µmol/L. Mwenye vinundu vigumu (fuwele zilizolundikana chini ya ngozi) kwenye vidole, viwiko au masikio alenge chini ya 5, yaani chini ya 300, ili viyeyuke haraka zaidi.

Usiiamini namba iliyopimwa katikati ya shambulio. Asidi huweza kushuka wakati kiungo kinawaka, na wapo wanaorudishwa nyumbani na jibu la 5.8 wakiambiwa hawana gauti. Rudia wiki mbili hadi nne baada ya uvimbe kuisha.

Hatua ya 3. Gauti ikiamka, izime mapema

Saa chache za mwanzo ndizo zenye faida. Kidonge kilichomezwa ndani ya saa 12 kinafanya kazi kuliko vitatu vya kesho yake.

Pumzisha kiungo, kiinue juu ya mto. Weka barafu: zile za mifuko zinazouzwa mtaani zinatosha. Ifunge kwenye kanga, iweke dakika 20, toa, rudia mara kadhaa kwa siku. Usichue. Usichanje. Usikande kwa maji ya moto.

Halafu chagua dawa moja kati ya hizi, kwa maelekezo ya daktari au mfamasia anayejua hali ya figo zako:

a) Dawa za kundi la diklofenaki: naproksini miligramu 500 mara mbili kwa siku, au diklofenaki 50 mara tatu, au indomethasini 50 mara tatu. Zimezwe na chakula, siku tano hadi saba. Hazimfai mwenye figo mbovu, vidonda vya tumbo, moyo uliochoka, wala anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda.

b) Kolchisini: miligramu 1 mara moja, kisha 0.5 baada ya saa moja. Kuanzia kesho yake, 0.5 mara moja au mbili kwa siku mpaka ipoe. Ule utaratibu wa zamani wa kumeza kila saa mpaka uharishe umeachwa. Kolchisini ikizidi ni sumu, hasa figo zikiwa dhaifu au ukiichanganya na klarithromisini, ketokonazoli, au dawa za VVU zenye ritonaviri. Mwambie mtoa dawa unachotumia hata kama unaona aibu.

c) Prednisoloni miligramu 30 hadi 35 kwa siku, siku tano. Inawafaa wenye figo mbovu. Mwenye kisukari aangalie sukari, itapanda.

Mitego ya hapa ni miwili. Wa kwanza ni kujilundikia diklofenaki bila kujua: sindano dukani asubuhi, vidonge mchana, jioni kidonge kingine chenye diklofenaki na parasetamoli ndani. Hiyo ni dozi mara tatu kwa figo zile zile zinazotakiwa kuitoa asidi. Wa pili ni dawa ya unga isiyo na jina inayozima gauti ndani ya saa chache. Mti haufanyi kazi kwa kasi hiyo. Mara nyingi ndani kumesagwa steroidi (dawa za jamii ya prednisoloni) au diklofenaki. Ukiona uso unavimba na sukari inapanda, umepata jibu. Na kama umeitumia kwa wiki nyingi usiiache ghafla, mweleze daktari akupunguzie.

Hatua ya 4. Kagua dawa zako nyingine

Watu wanaacha maharage miaka mitatu huku kidonge cha presha ndicho kinachopandisha asidi. Dawa za kukojosha maji, kama hidroklorothayazidi, bendrofluazidi na furosemidi (wengi wanaiita lasiksi), zinaifanya figo ishikilie asidi ya yuriki. Usiziache mwenyewe; mwenye moyo uliochoka anaihitaji furosemidi kuliko anavyohitaji kidole kisichouma. Muulize tu daktari kama presha yako inaweza kutibiwa na losatani au amlodipini. Losatani hata hushusha asidi kidogo.

Walio kwenye dozi ya kifua kikuu wajue kwamba pirazinamidi, inayotumika miezi miwili ya mwanzo, hupandisha asidi sana, na ethambutoli nayo huchangia. Viungo vikiuma, toa taarifa kliniki ya TB. Dozi iendelee. Aspirini ndogo ya moyo nayo iendelee kama uliandikiwa. Ya kutulizia maumivu ndiyo uachane nayo.

Hatua ya 5. Anza dawa ya kushusha asidi, polepole

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo soma taratibu.

Nani anahitaji? Aliyeshambuliwa mara mbili au zaidi kwa mwaka, mwenye vinundu, ambaye eksirei imeonyesha mfupa umelika, au mwenye gauti pamoja na mawe kwenye figo au figo dhaifu. Shambulio moja tu katika maisha, figo nzima: unaweza kusubiri na kujaribu hatua ya 6 na 7.

Dawa ya kwanza ni alopurinoli. Kwenye boksi utasoma Allopurinol, vidonge vya 100 na vya 300. Utaratibu ni huu:

1. Anza na miligramu 100 kwa siku, mara moja, baada ya kula. Figo zikiwa dhaifu, 50. Anayeanza moja kwa moja na 300 anajitafutia mambo mawili: gauti kuamka kwa hasira, na hatari kubwa zaidi ya upele mbaya.
2. Siku hiyo hiyo anza kinga ya kuzuia gauti kuamka: kolchisini 0.5 mara moja au mbili kwa siku, kwa miezi mitatu hadi sita. Figo haziruhusu? Daktari atachagua kinga nyingine. Ila usianze bila kinga yoyote.
3. Baada ya wiki nne pima asidi. Haijafika chini ya 6? Daktari anaongeza 100. Wiki nne tena, pima, ongeza. Watu wengi hufikia lengo kati ya 300 na 400, wengine huhitaji zaidi. Kikomo ni 800 au 900 kwa siku. "Nilipewa 100 haikusaidia" kwa kawaida maana yake ni kwamba hakuna aliyerudi kupima na kuongeza.
4. Ukishafika, endelea kumeza. Hii ni dawa ya miaka, kama ya presha. Namba 5.2 ni kazi ya kidonge. Ukikiacha, baada ya wiki chache itarudi ilikokuwa.

Tegemea gauti kuamka mara moja au mbili ndani ya miezi ya mwanzo. Fuwele zikianza kuyeyuka zinachokoza kiungo, na mtu anasema dawa imenidhuru, anaiacha. Tuliza shambulio kwa hatua ya 3 na alopurinoli uendelee nayo kila siku, hata mguu ukiwa juu ya mto. Kama bado hujaanza kabisa na kiungo kinawaka leo, madaktari wengi husubiri kitulie ndipo waanze. Wengine huanza papo hapo pamoja na kinga. Njia zote mbili ni sawa.

Onyo la upele: ngozi ikiwasha au kutoka vipele, hasa ndani ya miezi miwili ya mwanzo, acha alopurinoli siku hiyo hiyo uende hospitali. Vidonda mdomoni, macho mekundu, homa au ngozi kubanduka ni dharura. Usijaribu tena kidonge hicho nyumbani "uone kama ndicho". Anayetumia azathioprini asiguse alopurinoli bila daktari kujua; zikikutana zinaua uboho wa mifupa.

Walio Kondoa, Kongwa au Manyoni: duka la dawa muhimu la kijijini huenda lisiwe nayo. Ukija mjini nunua ya mwezi mzima au miwili, na usisubiri kidonge cha mwisho.

Hatua ya 6. Chakula na pombe

Lishe nzuri hushusha asidi kwa takriban 1 mg/dL, kwa sababu sehemu kubwa ya purini (kemikali iliyo kwenye chembe za mwili na za vyakula) inayogeuka asidi inatoka kwenye chembe za mwili wako mwenyewe. Mwenye 9.5 hatafika 6 kwa mboga. Usijilaumu, wala asikulaumu mtu. Lakini chakula ndicho kinachoamsha shambulio la Jumapili, kwa hiyo kina kazi yake.

Anza na supu. Purini huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo nyama ikichemka saa mbili, sehemu kubwa inahamia kwenye bakuli. Supu ya kongoro au ya utumbo, chapati mbili, halafu unaongezewa mchuzi bure: hapo umekunywa purini ya nyama ambayo hata hukuila. Nyumbani fanya kinyume. Chemsha nyama dakika kama 15, mwaga maji yale ya kwanza, weka mapya, endelea kupika. Ladha inapungua kidogo, ndiyo, vitunguu na nyanya vitafidia.

Maini, figo, firigisi, bandama na utumbo: acha. Nyama ya ng'ombe, mbuzi na kondoo: kipande cha ukubwa wa kiganja bila vidole, kama gramu 100 iliyoiva, siku tatu au nne kwa wiki. Ukienda mnadani Msalato usiagize nusu kilo peke yako. Agizeni robo mgawane, mjaze sahani kwa kachumbari na ndizi za kuchoma. Kuku, hata awe wa kienyeji wa Singida, anahesabika kama nyama.

Dagaa wana purini nyingi, na hapo pana ugumu, maana ndiyo mboga ya bei nafuu. Mayai, maharage, choroko, kunde, njugu na karanga zinaziba pengo. Ndiyo, maharage. Purini ya mimea haijaonekana kuongeza gauti, kwa hiyo ugali wa uwele au mtama kwa mlenda ni chakula kizuri kwako. Angalia tu magadi ya mlenda: ni chumvi, na mwenye presha ayapunguze. Maziwa yanasaidia figo kuitoa asidi. Maziwa mgando, ukiengua ule utando wa mafuta juu, glasi moja au mbili kwa siku. Kahawa isiyo na sukari nyingi haina kosa.

Pombe: bia ndiyo mbaya zaidi, ya kiwandani na ya kienyeji ya nafaka, kwa sababu ina purini yake na kilevi chake kinaizuia figo. Konyagi na jamii yake zinafuata. Mvinyo wa Dodoma una nafuu kidogo, lakini chupa nzima haina nafuu. Kwenye miezi ya kuanza alopurinoli, acha zote.

Soda na juisi za kuongezwa sukari zinasahaulika sana. Sukari ya aina ya fruktosi hugeuka asidi ya yuriki mwilini, na chupa moja ya soda inabeba zaidi ya gramu 30 za sukari. Mtu anaacha bia, anahamia soda tatu kwa siku, namba haishuki. Zabibu kula kiasi, zikiwa nzima.

Limau kwenye maji haidhuru na haitibu. Magadi ya kunywa "kuua asidi" achana nayo, yanapandisha presha.

Hatua ya 7. Maji na uzito

Hewa ya Dodoma ni kavu, jasho linapotea kabla hujalihisi. Kunywa lita mbili hadi tatu kwa siku: chupa mbili za lita moja na nusu, moja iishe kabla ya saa saba mchana. Mkojo uwe wa manjano hafifu. Ukiwa kama chai umechelewa. Mwenye figo zilizoshindwa au moyo uliochoka aulize kiasi chake kwanza.

Uzito upungue kilo mbili kwa mwezi, si zaidi. Kujinyima chakula siku nzima kunapandisha asidi na kuamsha gauti. Ukifunga Ramadhani au Kwaresima, meza alopurinoli yako wakati wa kula, na gawanya maji kati ya futari na daku.

Hatua ya 8. Pima, andika, rudia

Wakati wa kupandisha dozi, kila wiki nne. Ukishafika lengo, kila miezi sita, pamoja na kreatinini.

Mambo yakikwama

*Namba haishuki na dozi imepanda.* Hesabu vidonge vilivyobaki ulinganishe na tarehe ya kununua. Mara nyingi siku kumi zimerukwa. Kama umemeza vyote, rudi hatua ya 4, kisha kwenye bia na soda. Bado? Kuna febuksostati, dawa nyingine ya kushusha asidi, ambayo daktari ataipima kwa uangalifu kama una ugonjwa wa moyo.

*Namba iko 5.4 lakini gauti bado inaamka.* Fuwele za miaka kumi haziishi kwa miezi mitatu. Mashambulio yanaweza kuendelea kutokea kwa mwaka, yakipungua ukali. Uliza kama kinga iliondolewa mapema.

*Kolchisini inaniharisha.* Dozi ni kubwa kwako, au inagongana na dawa nyingine. Simamisha, piga simu kwa aliyekuandikia.

*Kinundu kimepasuka, kinatoa kitu kama chaki.* Safisha kwa maji safi na sabuni, funga kwa kitambaa kisafi, nenda hospitali. Usikikamue, na usimruhusu mtu akikate kwa wembe. Kidonda cha namna hiyo hakifungi kirahisi na kinapata usaha.

*Siku mbili za dawa na kiungo hakijapoa hata kidogo.* Usiongeze dozi. Rudi kiungo kikaangaliwe upya, na uombe maji yake yavutwe.

*Maumivu makali ubavuni yanayoshuka kinenani, au mkojo wenye damu.* Huenda ni jiwe la figo, ambalo asidi hii pia hulitengeneza. Nenda ukapigwe ultrasaundi, na diklofenaki usiiguse mpaka figo zijulikane zikoje.